Skii zangu za kujifunzia hazinitoshi tena: nichague zipi kwa kiwango nilicho nacho sasa?

Mpenda Theluji

Habari zenu nyote. Ninaomba ushauri kuhusu kununua skii mpya, kwa kuwa kila ninavyozidi kusoma maelezo ya watengenezaji ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa.

Nina urefu wa sentimita 176 na uzito wa kilo 78. Skii nilizo nazo nilizinunua nilipokuwa mwanafunzi kabisa: zina urefu wa sentimita 152, kiini chake ni cha povu, kiuno chake, yaani upana wa katikati, ni milimita 74, na ukizikunja kwa mkono zinapinda bila ubishi. Zimenisaidia sana. Sasa ninateremka njia za bluu, zile rahisi, bila wasiwasi, na nyekundu, zile za ugumu wa kati, pia, skii zikiwa sambamba muda mwingi, ingawa mteremko ukiwa mkali au theluji ikigeuka barafu bado najikuta nimerudi kwenye plau, ncha zimekutana mbele na mikia imetanuka.

Matatizo yangu ni mawili. Kwanza, nikiongeza mwendo skii hutetemeka, na sijui kama kasoro ni ya kifaa au ni yangu mwenyewe. Pili, kwenye theluji ngumu huteleza kwa ubavu katikati ya kona, hata pale ninapohisi nimezilaza upande, juu ya kingo zake, vya kutosha. Muuzaji mmoja amenishauri nichukue skii za sentimita 177 zenye kiuno cha milimita 90 na tabaka mbili za chuma, kwa hoja kwamba nitazikulia na sitahitaji nyingine kwa miaka mingi. Mwenzangu ninayeteleza naye anasema hizo zitanivunja moyo. Je, ni halali kununua skii zilizo juu ya kiwango changu, na kama ni halali, zizidi kwa kiasi gani?

Ukingo Mkali

Ndugu, kabla ya kufungua mkoba, kagua kingo za skii ulizo nazo. Pitisha upande wa juu wa ukucha wa kidole gumba kwa upole, ukikatisha ukingo wa chuma, katika sehemu kadhaa kuanzia mbele hadi nyuma, hasa chini ya mguu. Ukingo ulionolewa vizuri huparua ukucha na kuacha unga mweupe mwembamba. Ukingo butu hupita tu kana kwamba umegusa kijiko. Skii za mwanafunzi ambazo hazijanolewa tangu ziliponunuliwa huteleza kwa ubavu hata akizivaa bingwa, kwa hiyo tatizo lako la pili huenda si la skii kabisa.

Tatizo la kwanza linahitaji kutenganishwa. Kuna kupepea kwa ncha, ambako hutokea skii zikiwa bapa juu ya theluji, na huonekana zaidi kwenye skii zenye roka, yaani zile ambazo sehemu ya mbele huanza kuinuka mapema kabla ya kufika nchani. Kupepea huko kunakera macho tu. Kuna pia mtetemo unaousikia chini ya nyayo wakati umelaza skii kwenye kona na unazikandamiza, na huo ndio wa kuzingatia, kwa sababu maana yake ni kwamba skii inakubali uzito wako kisha inaurudisha, kisha inaukubali tena, na ukingo unashika na kuachia badala ya kushika moja kwa moja. Kilo 78 juu ya skii laini za sentimita 152 zenye kiini cha povu ni mzigo mkubwa, na mwendo ukiongezeka mzigo huo huongezeka ndani ya kona. Kama mtetemo wako ni wa aina hii, basi naam, umezipita.

Ushahidi mwingine uko nyuma yako. Chagua mteremko wa wastani ambao theluji yake imesawazishwa asubuhi na bado haijapitiwa na wengi, piga kona kadhaa, kisha simama pembeni na utazame alama ulizoacha. Ukiona mistari miwili myembamba inayokwenda pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kona, unakata kwa ukingo. Ukiona utepe mpana uliosuguliwa, bado unasukuma mikia. Wengi walio katika hatua yako huona mchanganyiko: utepe mpana mwanzoni mwa kona na mistari miwili mwishoni. Nitakisia kwamba nawe uko hapo, na kisio hilo ndilo msingi wa ushauri unaofuata.

Ugumu wa skii ndio unaopaswa kuamuliwa kwanza, kuliko urefu na upana ambao wauzaji hupenda kuutaja. Skii hugeuka kwa sababu ni nyembamba katikati na pana kwenye ncha zote mbili. Ukiilaza na kuikandamiza hupinda kuwa upinde, na upinde huo ndio unaochora kona. Skii usiyoweza kuipinda haikusaidii kitu: itakwenda mbele ilikoelekea, nawe utalazimika kuizungusha kwa nguvu za mapaja, yaani utarudi kulekule kusukuma mikia ambako unajaribu kuondoka. Tabaka mbili za chuma alizozitaja muuzaji, ambazo kwa kawaida ni aloi ya alumini iitwayo Titanal, hutuliza mtetemo kwa namna ya kupendeza sana, lakini kwa kawaida hudai mwendo na msukumo ambao mtu anayerudi kwenye plau kwenye mteremko mkali hawezi kuutoa kila kona. Kwako ningetafuta kiini cha mbao kilichojengwa kwa kuta za pembeni zilizosimama, pasipo chuma au pakiwa na utepe mdogo wa chuma katikati tu. Kutoka povu hadi mbao ni hatua kubwa kuliko inavyosikika.

Kuhusu urefu, tusiuchukulie kuwa ni kipimo cha heshima. Katika mashindano ya FIS, shirikisho la kimataifa la skii, wanaume wanaoshindana slalomu, yaani mbio za kona fupi kati ya vijiti, huruhusiwa kutumia skii zinazoanzia sentimita 165, na wanawake sentimita 155, na hakuna mtu atakayewaita wanafunzi. Ilhali katika mbio za kuteremka moja kwa moja wanaume hutumia zisizopungua sentimita 218. Urefu hufuata kazi. Kwako, kwa urefu na uzito uliotaja, kati ya sentimita 163 na 170 ni sahihi kwa skii za njia zilizosawazishwa. Kisha soma namba ya nusu kipenyo cha kona iliyoandikwa juu ya skii: mita 13 hadi 16 zitakufundisha vizuri. Kumbuka tu kwamba modeli ileile ikiwa ndefu zaidi namba hiyo kwa kawaida hupanda, kwa hiyo isome kwenye urefu utakaoununua, si kwenye tangazo.

Kwa hiyo ndiyo, nunua zilizo juu yako kidogo, kwa kiasi ambacho siku yako nzuri unazitawala na siku yako mbaya hazikutupi.

Jioni Mlimani

Nakubaliana na mengi aliyosema Ukingo Mkali, isipokuwa hukumu yake juu ya chuma naiona kali mno kwa mtu wa kilo 78. Skii isiyo na chuma ikimbeba mtu wa kilo 60 itaonekana tulivu. Ikimbeba mtu wa kilo 78 anayeanza kupenda mwendo, yaweza kuwa laini tena kabla hajaizoea. Lebo za "kiwango cha kati" na "kiwango cha juu" hazimjui mtu mwenye kuzivaa. Mtu mzito wa kiwango cha kati na mtu mwepesi wa kiwango cha juu mara nyingi hustahili skii ileile.

Jambo ambalo halijaguswa ni upana. Milimita 90 si upana wa kukosea kwa kila mtu, lakini ni upana wa mtu ambaye sehemu kubwa ya siku yake iko nje ya njia zilizosawazishwa. Kwenye theluji ngumu, kiuno kikiwa kipana, ukingo huwa mbali na katikati ya mguu, kwa hiyo goti na kifundo hufanya kazi zaidi kuulaza na kuushikilia, na kubadilisha kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine huchelewa. Mtu ambaye bado anajifunza kulaza skii ataona anachelewa kila kona bila kujua sababu.

Hata hivyo nisingekwenda milimita 68 pia. Alasiri, theluji inapokuwa imechimbwa na kurundikana katika vilima vidogo, skii nyembamba sana huzama na kunasa, na hapo ndipo anayeendelea kujifunza huangukia. Kiuno cha milimita 74 hadi 82 kitakupa asubuhi nzuri na alasiri inayovumilika. Ukiwa hutoki kamwe kwenye njia, kaa upande wa chini wa kiwango hicho.

Fundi wa Vifungio

Mmezungumza skii, nami nauliza viatu. Kama viatu vyako ni vile vya kujifunzia, vilaini na vilivyochaguliwa kwa kuwa havibani, skii mpya hazitasikia unachoziambia. Fanya kipimo hiki nyumbani: toa kitambaa cha ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu, sogeza vidole mpaka viguse mbele, kisha pima nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Sentimita moja na nusu hadi mbili ni sawa. Zaidi ya hapo kiatu ni kikubwa, na kila unapojaribu kulaza skii mguu hujongea kwanza ndani ya kiatu. Ningekuwa na fedha za kitu kimoja tu, ningenunua viatu. Namba ya ugumu iliyoandikwa kwenye kiatu ichukulie kwa tahadhari, kwa sababu kila mtengenezaji hupima kwa njia yake, na 100 ya huyu yaweza kuwa 90 ya yule.

Kuhusu vifungio, vile vinavyoshika kiatu kwenye skii na kukiachia unapoanguka, hakikisha vinakubali aina ya soli uliyo nayo, kwa kuwa soli za GripWalk zina umbo tofauti na soli za kawaida za kuteremkia na si kila kifungio cha zamani huzipokea. Marekebisho yafanywe na fundi, kwa kufuata uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya kiatu na namna unavyoteleza, na usimdanganye katika hilo la mwisho. Wapo wanaojiita wakali ili namba ya kifungio, inayoonyesha nguvu ya kukifungua, ipande. Namba ikipanda kuliko unavyohitaji, kifungio kitashindwa kufunguka siku mguu wako unapopinda pasipotakiwa. Skii zikiuzwa bila vifungio, angalia pia upana wa breki, ile mikono inayoizuia skii isikimbie ikivuka mguuni: lazima zizidi kiuno cha skii, lakini zikizidi sana hugusa theluji unapolaza.

Mpenda Theluji

Ninawashukuru sana. Nilifanya jaribio la ukucha na halikutoka hata chembe ya unga, kwa hiyo nimezinolesha. Mabadiliko yalionekana palepale: kule kuteleza kwa ubavu kumepungua sana, hata kwenye kipande cha barafu kilichokuwa kinanitisha. Mtetemo, hata hivyo, umebaki, na ni ule wa chini ya nyayo, ndani ya kona. Alama zangu ni kama alivyokisia Ukingo Mkali: utepe mpana juu, mistari miwili chini, na mguu wa kushoto ni mbaya kuliko wa kulia.

Viatu navyo vimenikuta na hatia, kwani nyuma ya kisigino inaingia karibu sentimita tatu. Nitaanza na viatu. Kwa upande wa skii nimebakiwa na mbili, zote za kiini cha mbao: moja ya sentimita 167, kiuno milimita 76, isiyo na chuma, na nyingine ya sentimita 168, kiuno milimita 80, yenye tabaka moja ya chuma. Nitapata nafasi ya kuzijaribu zote mbili. Nizijaribu vipi ili nisidanganyike?

Ukingo Mkali

Zijaribu siku moja, kwenye mteremko mmoja, ukiwa na viatu vipya, si vya zamani. Kagua kingo za zote kwa ukucha kabla ya kupanda lifti, kwa maana skii za kujaribia hupita mikononi mwa wengi na moja ikiwa butu utaihukumu kwa dhambi isiyo yake. Mteremko wa kwanza usihesabu. Mwili unahitaji muda wa kuzoea.

Usizijaribu kwa mwendo mkubwa tu, kwa kuwa karibu kila skii yenye chuma hupendeza mtu anapokimbia. Teremka polepole kwenye njia ya bluu, piga kona fupi, na usikilize kama skii inaingia kwenye kona kwa kulazwa tu au inangoja uisukume. Kisha nenda kwenye mteremko unaokurudisha kwenye plau, mara mbili kwa kila skii, ikiwezekana alasiri ukiwa umechoka. Ile yenye chuma ikikubali kuingia kona polepole, na kuvumilia ukikaa nyuma kidogo, ichukue, maana hoja ya Jioni Mlimani kuhusu uzito wako ina nguvu. Ikikataa, ya milimita 76 ndiyo yako. Na huo mguu wa kushoto umtazamishe mwalimu, kwa kuwa hakuna skii itakayourekebisha.