Biskuti za Krismasi na barua ya kaunsili: naombeni msaada kabla ya Jumamosi

Mama Mapacha (Reading):
Habari za jioni ndugu zangu, poleni na baridi. Kuna jambo linaninyima usingizi tangu juzi. Wengi mnajua kila Desemba naoka zile biskuti za siagi za ganda la chungwa, iliki na mdalasini, wenyeji wanaziita shotibredi, miaka yote nagawa tu kwa majirani na kanisani. Mwaka huu dada mmoja akaniambia tarehe 13 kuna soko la Krismasi mtaani, chukua meza uuze, nikachukua. Tarehe 20 Novemba nikajaza fomu ya usajili wa chakula mtandaoni, haina malipo, nikamaliza upesi nikashukuru Mungu. Juzi imeingia imeili ya EHO, yule afisa wa afya wa kaunsili yetu hapa Reading, Uingereza, anasema siku 28 hazijatimia, anataka kuona SFBB yangu, lile daftari la usalama wa chakula, anataka lebo, na anauliza kama mwenye nyumba ana habari. Napiga simu naambulia muziki dakika 40 halafu inakata. Siagi kilo 6 ipo kwenye friji, machungwa na machenza nimeshanunua. Swali langu ni moja tu: Jumamosi niuze au nisiuze?

Kaka wa Leeds:
Pole sana mama. Mimi yalinikuta 2022 na sambusa, nilijisajili, nikasubiri, EHO akaja baada ya miezi miwili mimi nimeshauza wee. Alifungua friji, akapima joto, akauliza naosha wapi mikono na bodi ya nyama iko wapi, nikampa makaratasi yangu akanipa alama 5 za usafi. Usajili sio leseni, hawawezi kukukatalia, wanataka tu kujua upo. Siku 28 ni utaratibu tu usikuumize kichwa.

Mzee wa Glasgow:
> Siku 28 ni utaratibu tu

Kijana, usiwapotoshe watu. Unatakiwa ujisajili siku 28 KABLA ya kuanza biashara, ndivyo ilivyoandikwa. Kwamba wewe hukuguswa ni bahati yako. Na hizo alama za 0 mpaka 5 ni za England, Wales na Ireland Kaskazini, huku Scotland tuko chini ya FSS, mamlaka yetu ya chakula, sio FSA ya kwenu, huku ama umepita ama unaambiwa urekebishe, basi. Kila mwaka narudia hili hapa.

Na kwa kuwa tumeigusa shotibredi, ambayo asili yake ni huku nilipo, Mama Mapacha nakuomba usiweke yai wala hamira ya unga. Sukari 1, siagi 2, unga 3, kwa mizani sio kwa kikombe. Gramu 100, 200, 300. Ukitoa gramu 50 za ngano ukaweka unga wa mchele utasikia inavyovunjika mdomoni.

Mama Mapacha (Reading):
Shikamoo mzee. Yai siweki, sijawahi. Ila swali langu ni la Jumamosi.

Mdogo wenu wa Coventry:
Shikamooni wakubwa zangu. Samahani naingilia, na mimi naoka vizuri tu, nipo kwenye viza ya masomo, naruhusiwa saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, je naweza nikakodi nusu ya meza ya mama nikauza zangu?

Dada Muuguzi:
Marahaba mdogo wangu, na jibu ni HAPANA. Hizo saa 20 ni za kuajiriwa. Kujiajiri kwenye viza ya masomo hakuruhusiwi, hata iwe meza moja siku moja. Nimeona mtu kahangaika na mawakili kwa kitu kidogo kuliko hicho. Oka, kula, gawia wenzako hosteli, usipokee hata paundi.

Mama Mapacha, mimi nijibu la lebo maana hapo ndipo penye hatari yenyewe. Kama unafunga mwenyewe nyumbani halafu unakwenda kuuza mwenyewe mezani, hiyo wanaiita PPDS, yaani chakula kilichofungwa kabla ili kiuzwe moja kwa moja, tangu Oktoba 2021 lazima pakiti iwe na jina la chakula na viungo vyote, na vile vya aleji uvikoleze wino. Vipo 14. Kwako wewe ni ngano na maziwa (siagi ni maziwa, usiandike siagi peke yake ukadhani inatosha). Chungwa halimo kwenye zile 14, ila SIKILIZA: yale maganda yaliyopikwa kwa sukari ya kwenye pakiti mara nyingi yamewekwa salfaiti, na salfaiti imo. Mwanangu wa pili ana pumu, alikula keki yenye hayo maganda kwenye pati moja, usiku ule nilikaa naye na inhela mpaka alfajiri, aliyeoka alikuwa mtu mwema kabisa hakujua tu. Geuza pakiti usome nyuma. Afadhali ukune chungwa bichi.

Mama Mapacha (Reading):
Asante sana dada, hili sikulijua kabisa, pole kwa mtoto. Nakuna bichi siku zote, ila kwenye trei za mapambo nilikuwa nimenunua hayo ya pakiti. Nayatoa leo hii.

Kaka wa Leeds:
Kwenye kukuna, usifike kwenye utando mweupe, unachachusha. Likunie juu ya sukari kisha uisugue kwa vidole mpaka sukari ilowe na ibadilike rangi, mafuta yote ya ganda yanabaki humo. Wengi wanakamulia maji ya chungwa ndani ya unga ndo maana biskuti zao ngumu kama kigae.

Mzee wa Glasgow:
Utando mweupe ni MCHUNGU, hauchachushi. Mengine sawa. Na donge likae kwenye friji nusu saa kabla ya kukata, oveni nyuzi 160, ya feni 140, ukiona kingo zimeanza rangi toa, usisubiri katikati.

Binti Pemba:
Asalaam aleikum. Mie sina la fomu, nimesoma tu hivi iliki na machenza nikalia peke yangu kwenye treni. Kwetu msimu wa karafuu unapita njia nzima majamvi yametandazwa, harufu inakuingia mpaka kwenye nguo, ukirudi skuli bibi anakunusa anajua umepita wapi. Hapa nanunua karafuu kwenye kichupa hazina hata roho. Mwaka jana mama alinifungia karafuu, kungumanga na kopo la samli, viungo vilipita, samli ikachukuliwa uwanjani, maziwa na nyama haviingii kutoka kwetu. Alikuwa kaipika mwenyewe. Sikumwambia, nilimwambia imefika na ni tamu.

Na wallahi inaniuma mkulima wa karafuu analazimika kuiuzia ZSTC peke yake, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, halafu huku kichupa kidogo kinauzwa vile.

Kaka wa Leeds:
Hapo umesema dada. Na sisi tuliohama tukitaka kurudi kuwekeza, shamba, duka, chochote, ukishachukua pasi ya huku, ile ya Tanzania unaipoteza. Uraia pacha mpaka lini?

Mkenya wa Slough:
Jameni sisi tulipata na katiba ya 2010, na haikuleta shida yoyote, mimi niko na pasi zote mbili. Nyinyi mnaogopeshwa tu. Lakini Binti Pemba pole, hiyo ya samli imenigusa, mamangu pia hunifungia.

Dada Muuguzi:
Tusiende huko tafadhali, mama ana siku nne.

Mkenya wa Slough:
Sawa. Basi mama, cheki pia HMRC, watu wa kodi. Mapato ya hizo biashara ndogo yakiwa chini ya £1,000 kwa mwaka wa kodi huhitaji kuripoti, lakini ni mauzo yote hayo, si faida. Bibi yangu alihesabu faida pekee, ikabidi tujaze self assessment, ile fomu ya kodi, mwezi wa kwanza usiku usiku.

Mama Mapacha (Reading):
Asanteni wote kwa kweli. Lebo nimechapa upya, ngano na maziwa wino mzito. SFBB naijaza usiku watoto wakilala. Mwenye nyumba amejibu kwa maandishi hana neno. EHO nimemwandikia tena asubuhi, kimya, simu bado muziki. Nimehesabu, 13 itakuwa siku ya 23. Kuna aliyewahi kuuza kabla ya 28 huku ameshaandikiwa imeili kama hii yangu? Sio bila imeili, NA imeili.

Mzee wa Glasgow:
Kanisa likiuza mara moja kwa sadaka ni habari nyingine, hapo usajili unaweza usihitajike. Lakini pesa ikiingia mfukoni kwako, mara kwa mara, ni biashara.

Mama Mapacha (Reading):
Ni yangu mzee. Nilitaka niwanunulie mapacha makoti.

Binti Pemba:
Mama, nipo Slough Jumamosi kwa shangazi, si mbali na kwako. Nina iliki ya nyumbani nusu kilo, mbichi rangi yake kijani kabisa, nakuletea. Uuze usiuze, utaokea.