Jiji kama Dar linapimwaje hewa ukaa? Kuna mashine mahali au wanakadiria tu?

mtaa_wa_pili
Habari wakuu. Kila siku nasikia jiji fulani linatoa tani kadhaa za hewa ukaa kwa mwaka, mi najiuliza wamepimaje? Moshi wa Kariakoo upepo ukivuma si unaishia baharini huko, nani anajua upi wetu upi wa Kibaha. Af swali la pili, nyumbani tunapikia mkaa, na serikali imesema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ya kupikia, sasa mkaa wangu kwenye hizo hesabu unakaa wapi?

karani_mstaafu
Mkuu hakuna mashine, ni kazi ya daftari. Wanatafuta kitu fulani kimetumika kiasi gani mwaka mzima, halafu wanazidisha na kiasi cha gesi ambacho kitu hicho hutoa. Dizeli lita moja ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za kaboni dioksaidi (ndo hiyo hewa ukaa), kwaiyo daladala likinywa lita 40 kwa siku ushapata kilo 108, bomba la moshi hata hujaligusa. Methani, gesi ya taka zinazooza, nayo inageuzwa kwa kuwa inapasha joto zaidi, tani moja unaiandika kama tani 28 za kaboni dioksaidi. Miji mingi inafuata mwongozo unaoitwa GPC, ulitoka 2014, waliuandaa WRI, C40 na ICLEI, mashirika ya kimataifa ya mazingira na miji. Unataka utenganishe kinachoungua ndani ya mpaka wa jiji, umeme wa gridi mnaotumia, na yale yanayotokea nje kwa sababu yenu, mfano taka zenu zikienda kumwagwa mkoa mwingine.

Umeme una mtego wake. Mitambo ya gesi ya Kinyerezi iko ndani ya Dar ila umeme wake unaingia gridi ya taifa, ukihesabu moshi wa mtambo na ukahesabu tena yuniti za kwenye mita za watu umehesabu mara mbili. Ndo maana ya mtambo inaandikwa lakini haijumlishwi.

Mama Tausi
Swali la mkaa hajajibiwa mtoto wa watu. Kilo moja ya mkaa ikiungua inatoa zaidi ya kilo 3 za kaboni dioksaidi, lakini kwa kuwa imetoka kwenye mti, na mti unadhaniwa utaota tena, zile kilo zinaandikwa pembeni, haziingii kwenye jumla ya jiji. Kinachoingia ni methani na oksidi ya nitrojeni kidogo kidogo tu. Sasa hamia gesi: mtungi wa kilo 15 ukiisha ni kama kilo 45 za kaboni dioksaidi na zote zinaingia! Yaani mtaa mzima ukiacha mkaa, macho yakapona na vifua vikapona, daftari la jiji linaonyesha mmechafua zaidi. Mi hapo huwa nacheka peke yangu.

karani_mstaafu
@Mama Tausi ni kweli kabisa dada, ila mti uliokatwa haujasamehewa, unahesabiwa kwenye ardhi ulikokatwa.

Mama Tausi
Ndo hapo sasa! Msitu umekatwa Kilwa au Handeni, tanuri limefuka hukohuko, magunia yanashushwa Manzese, halafu Dar inatoka safi. Kwa nchi nzima hesabu inakaa sawa lakini kwa jiji hapana, mimi ningewalazimisha waandike ukurasa wa mkaa hata kama haujumlishwi.

msee_wa_eastlands
Huku Nairobi stima si shida sana, nyingi ni mvuke wa chini ya ardhi wa Olkaria, maji na upepo, so ukizidisha inatoka ndogo. Taka ndo kazi. Pale jalala la Dandora taka zinaoza polepole miaka mingi, ile ya leo bado itatoa methani mtoto wako akiwa mkubwa, kwa hivyo kuna njia mbili, ama uandike methani yote ya baadaye kwa mwaka taka zilipoletwa, ama ufuatilie mwaka kwa mwaka na hapo unahitaji rekodi za zamani. Hata kina cha lundo kina maana, lundo lisilosimamiwa likizidi mita 5 linahesabiwa methani mara mbili ya lile fupi, kwa sababu chini huko hewa haifiki.

mtaa_wa_pili
Aisee nimeelewa, asanteni. Na mafuta je, wanajumlisha tu mauzo ya vituo? Maana malori ya Lubumbashi na Kigali yanajaza tenki hapahapa.

karani_mstaafu
Ukitumia mauzo peke yake yote yanaangukia Dar, inabidi uyapunguze. Njia nyingine ni kuhesabu safari: magari yanayopita kila barabara, umbali, na lita kwa kilomita, halafu safari inayovuka mpaka wa jiji mnagawana nusu kwa nusu na kule inakoenda. Ni ghali, mtu asimame Kimara na kalamu asubuhi mpaka jioni, lakini walau lori la Tunduma halibebeshwi lote mtu wa Buguruni.