Jimbo likitaka kutoka kwenye muungano, vita huanzia wapi hasa?

Chumbageni_Kwetu (mleta mada):
Wakuu, salaam. Jana barazani huku Ngamiani kahawa nusura imwagike. Jamaa mmoja kashikilia kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vya haki za majimbo tu, habari ya watumwa ilipachikwa baadaye na walioshinda. Nilibisha, ila alinizidi sauti. Naomba msaada wenu. Jimbo liliingia kwa hiari yake, leo linataka kutoka, kwa nini lisiachwe? Na vita huanza linapotoka au linapozuiwa?

MtuWaPangani:
Jamaa yako yuko sahihi. Lincoln alishinda urais Novemba 1860 na kusini kwingi hata kwenye karatasi za kura hakuwemo. Wewe ungekubali kutawaliwa na mtu ambaye kwenu hajapigiwa kura? South Carolina ikajitoa tarehe 20 Desemba, wenzake wakafuata, wakawa majimbo 11, yote kabla Lincoln hajaapishwa. Walikuwa wanaondoka zao kimya kimya. Aliyeleta jeshi ni nani?

Kaole_Mwalimu:
Haki ya jimbo KUFANYA NINI, mkuu? Malizia sentensi. Tamko la South Carolina la kujitoa linalalamika kwamba majimbo ya kaskazini hayarudishi watumwa waliotoroka. Yaani kaskazini ilipotumia haki zake, wao ndio waliotaka serikali kuu iwabane. Mississippi hawakuzunguka kabisa, waliandika kwamba msimamo wao umefungamana na utumwa. Mwaka 1860 karibu watu milioni 4 walikuwa mali ya mtu kule, wananunuliwa na kurithiwa.
Halafu rekebisha hesabu. Kabla ya kuapishwa yalitoka 7. Manne ya mwisho, Virginia ikiwemo, yalitoka baada ya mizinga ya kwanza ya vita kulia na Lincoln kuita askari 75,000.
Ingawa sishangai mtu wa Pangani kuona biashara ile ni jambo dogo.

MtuWaPangani:
Ebu rudia hapo mwisho.

MtuWaPangani:
Mtu wa BAGAMOYO ananisomesha mimi habari za watumwa? Misafara ya kutoka Ujiji na Unyamwezi ilikuwa inashukia wapi, kwa bibi yangu? Nyie mpaka leo mnawatembeza wazungu Caravanserai, kituo cha misafara ile, mnawatoza kiingilio, halafu Pangani ndio wabaya. Pangani ndiko vita vya kumkataa Mjerumani vilikoanzia 1888. Abushiri, kiongozi wa vita hivyo, kanyongwa kwetu, Desemba 1889.

Kaole_Mwalimu:
Na shamba la miwa la huyo Abushiri lilikuwa likilimwa na nani? Na wewe?

Dunda_Boy:
😂😂 uzi umeshakwenda Pangani bila nauli

Sahare_Fundi:
Kaole hapo umevuka mpaka. Unaweza kumsema mtu bila kumtukania mji.

Kaole_Mwalimu:
Sijatukana mji. Nimeuliza swali la miwa.

Binti_Makorora:
Mtanisamehe kaka zangu, mnagombea maiti za watu. Mimi nimewahi kudai khului, ile talaka anayoidai mke mwenyewe, kwa hiyo muungano nimeuvunja kwa mikono yangu, nitawaambia ninachokijua.
Kuoana kulikuwa nusu saa, pilau likiwemo. Kutoka ni miezi saba. Na ugomvi mkubwa haukuwa mimi kuondoka. Lile alishalizoea, ndugu zake walishasema niende zangu. Ugomvi ulikuwa kabati. Mimi nasema langu, yeye anasema limo ndani ya nyumba yake, haliondoki.
Sasa hiyo South Carolina. Ilijitoa Desemba, mpaka Aprili hakuna vita. Miezi minne watu wanaandikiana barua. Kilichobaki ni ngome ya Sumter, iko mlangoni mwa bandari ya Charleston, imejengwa kwa fedha za nchi nzima. Jimbo linasema hapa kwangu, serikali kuu inasema ngome ni yangu, na ndani mna askari chakula kinawaishia. Lincoln akatuma taarifa: naleta chakula tu, msipozuia sitaongeza askari wala silaha bila kuwaarifu. Kusini wakaona wakiruhusu chakula kiingie, wamekubali kwamba ile nyumba bado si yao peke yao. Tarehe 12 Aprili 1861, kama saa kumi na nusu za alfajiri, wakapiga. Saa 34 za mizinga na hakufa mtu hata mmoja kwa mizinga hiyo. Aliyekufa alikufa ngome ikishasalimu amri, baruti ililipuka askari wa ngome wakipiga mizinga ya heshima ya kushusha bendera yao.
Kutoka ni jambo moja. Vita vilianza kwenye kabati.

Sahare_Fundi:
Dada, kwenye khului si mke ndiye anayerudisha? Kabati tena unalidai kwa hoja gani?

Binti_Makorora:
Kinachorudishwa ni mahari, kaka. Kabati nililinunua mwenyewe kwa fedha za upatu, zamu yangu ilikuwa ya tatu.

Dunda_Boy:
Risiti ipo?

Binti_Makorora:
Wewe mama yako ana risiti ya kitanda chake?

Sahare_Fundi:
Mimi nauliza tu kwa kutaka kujua, maana fundi aliyelitengeneza anaweza kuwa shahidi. Lilikuwa la mninga?

MtuWaPangani:
Turudi. Kama watumwa ndio sababu, nieleze Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware. Wote walikuwa na watumwa, wote hawakutoka. Na hao Virginia unaowataja, waliondoka pale tu walipoambiwa watoe vijana wao wakawapige majirani. Hapo aliyesababisha ni nani? Norwei ilijitoa kwa Sweden 1905, kura za kukataa zilikuwa 184 nchi nzima, wakaachana wakanywa chai. Wacheki na Waslovakia 1993, hata kioo hakikuvunjika. Mwenye muungano akikubali, hakuna vita. Ndivyo mleta mada alivyouliza, na mwalimu anakwepa.

Kaole_Mwalimu:
Sikwepi. Norwei hakukuwa na milioni 4 ya watu wa kugawana. Pale Marekani mkiachana kwa amani, wale wanabaki kwa nani? Hawakuulizwa kura.

Chumbageni_Kwetu (mleta mada):
Hiyo nampelekea jamaa wa barazani.

Barabara_ya_12:
Mbona mnakwenda mbali hivyo. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, jimbo la Waibo lililojitoa Nigeria, ikawa ya kwanza duniani, na Muungano wetu haujatimiza hata miaka minne. Mwalimu Nyerere aliona Waibo wameuawa kaskazini mwa Nigeria 1966, na mtu asiyejiona salama ndani ya nchi huwezi kumlazimisha aite kwake. Ojukwu, kiongozi wa Biafra, naye alijitangazia uhuru siku tatu baada ya Gowon, mtawala wa Nigeria, kuikata nchi majimbo 12, ambapo mafuta mengi yaliangukia nje ya jimbo la Waibo. Sasa tuseme ilikuwa roho za watu au mafuta? Vyote. Vita havina mama mmoja.

Dunda_Boy:
Mkuu, sentensi yako ya kwanza ina mwiba. Unaelekea wapi?

Barabara_ya_12:
Sielekei popote. Nimeishia Nigeria.

MtuWaPangani:
Mwenye masikio kasikia. Tukianza hayo, na sisi wa pwani tuseme? Mwambao wa Mombasa Mwingereza aliukodi kwa Sultani wa Zanzibar, ndiyo maana 1963 ilibidi waandikiane upya kabla ya uhuru, na wajomba zangu kule hawajaacha kunung'unika. Wa kwetu Mjerumani aliununua moja kwa moja, marki milioni 4. Ukishauzwa huna pa kudai.

Babu_Raskazone:
Wajukuu, nimesoma yote, hata ya kabati. Mnaijua merikani? Bibi yangu alikuwa akiita hivyo kitambaa cha pamba kizito kisichotiwa rangi. Ni Marekani hiyo hiyo. Pamba ililimwa na watumwa kusini, ikafumwa viwandani Massachusetts, huko kaskazini kwa watu wema wa Kaole. Meli za Salem, bandari ya huko huko Massachusetts, zikaileta Unguja, ikavushwa Bagamoyo, wapagazi wakaibeba bara ikanunue pembe na watu. Mtumwa wa Mississippi alikuwa akivuna nguo ya kumnunulia mtumwa wa Manyema, huko Kongo. Vita vilipoanza kule, pamba ikakatika, merikani ikaadimika sokoni, Waingereza na Wahindi wakaingiza vya kwao. Kwa hiyo mnaposutana Pangani na Bagamoyo, wote mmevaa jora moja.

Kaole_Mwalimu:
Shikamoo babu. Ila kaniki ilikuwepo zamani, haikuingia kwa sababu ya vita vile.

Babu_Raskazone:
Marahaba. Kaniki sijaitaja.

MtuWaPangani:
😂 Babu kakupiga kavu. Kwa hiyo umekubali kaskazini nao walikula?

Kaole_Mwalimu:
Walikula. Ila waliojitoa ili waendelee kula ni wale wengine.

Chumbageni_Kwetu (mleta mada):
Nimempelekea jamaa simu, kausoma uzi wote. Anasema kashinda kwa sababu mmetaja nchi saba na hakuna aliyemtaja yeye. Nikamwambia amalizie sentensi, haki ya jimbo kufanya nini. Kasema kahawa yake imepoa.

Sahare_Fundi:
Dada Makorora, hujasema lakini. Kabati liliishia wapi?

Binti_Makorora:
Nilipata. Liko kwa mama. Mlango mmoja ulivunjika tukilivutana ngazini, na mtoto wa jirani alibanwa vidole.