Tupeane uzoefu: dirisha la mvule limeoza miguu, kung'oa au kutibu?

Mleta mada
Wakuu, nazungumzia madirisha ya mvule na msaji kwenye nyumba za mawe na chokaa: Mji Mkongwe, Lamu, Mombasa ya kale. Zikioza sentimita 20 za chini, watu wanang'oa dirisha zima na kuweka alumini. Tuandike namna ya kulitibu, kwa vipimo. Za "fundi kanila hela" zina uzi wake.

Bisibisi
Msasa baadaye. Kwanza chomeka bisibisi nyembamba kila sentimita 5 kwenye mwimo (mbao ya wima ya pembeni mwa fremu), ukianzia pale unapokalia kizingiti. Ikizama zaidi ya milimita 5, pameoza hata kama rangi inang'aa. Kuoza huanzia chini kwa sababu mbao hunywa maji kwa ncha iliyokatwa, kama mrija.

Kisha tazama plasta ya nje. Ukuta wa chokaa ukizibwa kwa saruji haupumui, unyevu unahamia kwenye fremu. Bandua saruji kuzunguka dirisha, rudishia chokaa 1 kwa mchanga 3. Usipofanya hivyo, kiraka chako nacho kitaoza.

Patasi na Randa
Kuhusu kiraka: kata palipooza, ingia milimita 50 zaidi kwenye mbao nzima. Ungio liwe la mshazari, urefu mara 3 ya unene, yaani mwimo wa milimita 50 unataka mshazari wa 150, na mteremko uelekee nje ili maji yakipenya yatoke. Tumia mbao ya aina ileile, iliyolala ndani ya nyumba hiyo wiki 3.

Mvule una mafuta, gundi inateleza. Futa kwa asetoni, ikikauka tu pakaa epoksi, usingoje kesho. Kaza kwa pini 2 za mbao za milimita 10. Misumari ya chuma hapana: hewa ya chumvi inaleta kutu, kutu inavimba, mbao inapasuka.

Msumeno ukikwaruza na kugoma katikati ya mvule, umekuta jiwe, chokaa iliyoganda ndani ya mti. Litoe kwa patasi kuukuu, usiiue mpya. Na barakoa jamani, vumbi la mvule linawasha ngozi na kubana kifua.

Bawaba
Skrubu za shaba hukatika vichwa kwenye mbao ngumu. Toboa, pitisha kwanza skrubu ya chuma ya saizi hiyohiyo ichonge njia, itoe, ndipo uweke ya shaba iliyopakwa nta. Tundu likilegea, acheni njiti za kiberiti! Toboa milimita 10, gonga pini yenye gundi, toboa upya.

Kusi
Mafuta ya kitani au rangi? Dirisha lenye baraza, mafuta: mkono wa kwanza changanya na tapentaini nusu kwa nusu, baada ya dakika 20 futa yaliyobaki juu. Dirisha linalopigwa na mvua za masika, rangi, maana kitani peke yake pwani hupandwa na ukungu mweusi. Vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani vitandaze nje au viloweke. Vikirundikwa hujipasha moto hadi vikawaka vyenyewe.

Rangi ianze kwenye ncha za mbao, mikono 3, kabla ya kufunga. Acha milimita 3 kati ya bawa (sehemu ya dirisha inayofunguka) na fremu. Bila nafasi hiyo bawa likivimba masika litagoma, mtu atalipiga randa, na kaskazi likikauka litapiga kelele usiku kucha. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo msasa upigwe na maji, watoto wakae mbali.

Mleta mada
Na kizingiti? Maji yanarudi chini yake hadi ukutani.

Bisibisi
Chonga mfereji upande wa chini, upana milimita 8, kina 6, milimita 20 kutoka ukingo wa nje. Tone likifika hapo linadondoka. Uishie milimita 20 kabla ya kila ukuta, la sivyo utayapeleka maji palepale ulipokuwa unayakimbia. Ukipaka rangi, pitisha kijiti usizibe.

Patasi na Randa
Walio Mji Mkongwe, kabla ya kubadili umbo la dirisha pitieni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe mpate kibali.