Tupeane uzoefu: amplifaya na DAC za hedifoni za bei mbaya, uliokoka wapi na ulipigwa wapi?

Mchikichini
Wakuu, salaam. Nina mwezi sasa na Sennheiser HD 650, nimezipata mkono wa pili kwa jamaa aliyekuwa anahama mji. Ni za omu 300 (omu ni kipimo cha jinsi zinavyouzuia umeme), zimetoka 2003 na bado watu wanazisaka. Nazichomeka kwenye simu kupitia kile kikebo kifupi cha Apple cha USB-C. Sauti naipandisha mpaka mwisho ndiyo inafika ninapotaka, na taarab za zamani zilizorekodiwa chini ndiyo kabisa, qanuni inasikika kama iko nyumba ya pili. Nikiuliza, mmoja anasema nunua amplifaya, mwingine DAC, kile kifaa cha kugeuza muziki wa dijitali uwe umeme wa sauti, mwingine vyote na waya wa fedha juu yake. Sitaki orodha ya bidhaa. Nataka mtu aseme: nilikuwa na hedifoni fulani, nikanunua hiki, ikawa hivi. Na hasara tuzitaje, tusioneane haya.

Mzee wa Kibokoni
Ndugu yangu, usitoe hata senti kwanza. Mimi nilishatenga shilingi elfu ishirini za Kenya za amplifaya kwa shida hiyo hiyo. Siku moja nikakichomeka kikebo kwenye laptopu ya binti yangu, nusura nizitupe hedifoni. Kumbe Android nyingi hukiachia kikebo hicho sauti ndogo, hata ukisukuma kitufe mpaka juu. Nikaweka programu inayozungumza na USB moja kwa moja, mimi natumia USB Audio Player Pro, mambo yakakaa sawa. Pia tazama kikebo chenyewe: cha soko la Marekani kinatoa kama volti 1, cha Ulaya kama nusu yake. Kwa macho ni mapacha.

Mswahili wa Maskati
Mimi nilipigwa na hesabu ya omu. Niliambiwa omu nyingi ndizo ngumu kuendesha, basi nilipopata HiFiMan HE-6 za omu 50 nikajua nimepata mteremko. Loo! Volti 1 ile ile inayozipeleka HD 650 kwenye desibeli 103, kwa HE-6 inaishia 96 na kidogo. Omu ni nusu ya habari, nusu nyingine ni wepesi wa hedifoni yenyewe, zile desibeli kwa miliwati zilizoandikwa kwenye boksi. HE-6 ni 83.5 tu. Ukitaka vilele vya muziki vifike desibeli 110, HD 650 inaomba miliwati 17 hivi, HE-6 inaomba kama 450. Kila desibeli 10 unazoongeza, nguvu inazidishwa mara kumi, na hapo ndipo mfuko unapotoboka. Nilishanunua kiamplifaya cha mfukoni, kikawa pambo. Mwishowe nikaziunga kwenye amplifaya ya spika, kama wengi wenye HE-6 wanavyofanya. Zinaimba sasa, ila chumba chote nyaya na mke wangu hajafurahi.

Kamba ya Luthuli
Nairobi hapa. Yangu ni fupi na ina moshi. Binamu aliniletea amplifaya kutoka Marekani, adapta yake ya volti 120. Mimi nikaweka kile kichwa cha kubadilisha meno ya plagi, nikadhani nimemaliza. Meno yamebadilika, umeme ni ule ule wa 240. Sekunde chache tu, harufu. Halafu fundi wa kwanza akataka kunipa adapta ya DC, na ile ilikuwa ya kutoa AC! Bahati fundi wa pili alisoma nyuma ya mashine kabla ya kushika chochote, akanitafutia transfoma inayolingana. Amplifaya ilipona. Heshima yangu kwa binamu bado.

Valvu Moja
Kuna jambo Maskati hajaligusa: omu za tundu la amplifaya yenyewe, pale unapochomeka hedifoni. Nina ya valvu, zile taa za kioo za zamani, isiyo na transfoma ya kutolea, tundu lake karibu omu 120. Na HD 600, ndugu za zile HD 650 za omu 300, ni utamu, besi inajaa kidogo na naipenda hivyo, mnisamehe. Nikachomeka Beyerdynamic za omu 32 za mdogo wangu, besi ikawa ugali uliokosa kusongwa. Kanuni wanayoishika wengi ni tundu lisizidi moja ya nane ya omu za hedifoni. Aliyeishadidia sana ni yule mhandisi aliyejiita NwAvGuy, aliyemwaga mchoro wa amplifaya ya O2 bure mwaka 2011, akanyamaza 2012, na mpaka leo jina lake halijulikani.

Mama Tumbatu
Nyote mnazungumzia amplifaya, DAC mbona mnaikwepa? Nilinunua moja ya bei ya friji. Wiki ya kwanza nikawaambia watu nasikia pumzi za waimbaji. Kisha nikamwomba mume wangu ahamishe waya nisipoona, kati yake na kile kikebo cha Apple, maana nacho kina DAC ndogo ndani, na sauti tukazilinganisha kwa mita ya fundi, maana kinachopiga juu kidogo lazima kikupendeze. Mara kumi. Nilikuwa nabahatisha tu. Nimeiuza.

Kamba ya Luthuli
Mama, kwako ilikuwa hivyo. Kwangu laptopu ikiwa kwenye chaja kulikuwa na mvumo, na kipanya cha kompyuta ukikisogeza unakisikia masikioni. DAC ya nje kwa USB haikusaidia, mvumo ulipita humo humo. Nilipohamia kompyuta ya mezani yenye tundu la waya wa mwanga, kimya. Hapo DAC yenye tundu hilo ililipa.

Mama Tumbatu
Hilo nakubali. Ulikuwa na ugonjwa, ukapata dawa. Mimi nilikunywa dawa nikiwa mzima.

Mchikichini
Wakuu, mrejesho. Programu ya Mzee wa Kibokoni nimeweka, sauti imepanda mpaka nimerudisha nyuma. Rekodi za kawaida zinatosha kabisa, tena zinazidi. Zile taarab za zamani bado zinataka msukumo kidogo, basi jana nimeshuka Kariakoo nikakuta kiamplifaya kilichotumika, DAC imo humo humo, tundu chini ya omu 1. Muuzaji alinishangaa, maana kabla ya kuuliza bei niligeuza adapta nikaanza kusoma. Imeandikwa 100 mpaka 240. Nimeisoma mara mbili.