Viwanda vya nguo vilivyokufa: tuvivunje tuuze skrepa au vibaki?

Wakuu wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini nzima, naomba tulijadili hili bila matusi. Kila kikitajwa kiwanda chetu cha nguo cha Mbeyatex wanatokea watu wanasema haya majengo ya viwanda vya nguo yavunjwe tu, mashine ziuzwe skrepa, historia hailishi mtu, na eti wafanyakazi ndo walioviua kwa uvivu. Mi nakataa yote.

Tuanze na huo uvivu. Uskoti kuna kiwanda kinaitwa New Lanark, kilianza kusokota pamba 1786 kando ya mto Clyde, maji ya mto ndo yalikuwa yanaendesha mashine, hata watoto yatima wakaletwa kufanya kazi humo mpaka 1800 Robert Owen alipokabidhiwa kiwanda, akakataa kuajiri walio chini ya miaka 10, na 1816 akafungua shule palepale. Nacho kilifungwa, 1968, mwaka uleule kiwanda cha nguo cha Urafiki cha Dar kinazinduliwa! Sasa Waskoti nao walikuwa wavivu? Vya kwetu vilikosa fedha za kigeni za kununulia spea, umeme unakatika, pamba yenyewe nyingi inatoka Kanda ya Ziwa, halafu miaka ya 80 milango ikafunguliwa mitumba ikamwagika. Pita sokoni Mwanjelwa uone bei ya shati la mtumba, jora jipya lingeshindana nalo vipi?

Na hilo la historia hailishi mtu. New Lanark hawakuivunja. Jengo moja sasa hivi ni hoteli, jingine linasokota nyuzi za sufu mpaka leo, mto unazalisha umeme, watu wanaishi kwenye nyumba zilezile za wafanyakazi, na 2001 UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia.

Sisemi kila godauni liwe makumbusho, hapana. Nasema kabla hamjawaita watu wa skrepa bakizeni hata mtambo mmoja wa kusokota na mmoja wa kufuma, na wazee walioingia shifti za usiku wahojiwe wangali hai, watueleze uzi ukikatika walikuwa wanauunga vipi na kelele zile, maana hayo huyakuti kwenye faili lolote.

Wewe unayesema ajira kwanza, nijibu: hiyo skrepa ikishapimwa kilo na kupakiwa kwenye fuso, ajira inabaki kwa nani?