Kugeuza orodha ya kupakua masasisho ya Windows na Office kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa

MaabaraKivu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu.

Ninasimamia maabara ya kompyuta katika kituo cha mafunzo mjini Bukavu. Kompyuta zetu nyingi ni za msaada kutoka Ubelgiji, na zilikuja na Windows 7 na Windows 10 za Kifaransa pamoja na Office 2010. Kwa kuwa bando ni ghali na mtandao hukatika mara kwa mara, hatuwezi kuacha kila kompyuta ijisasishe yenyewe. Mwenzangu wa Kigoma, ambaye kazi yake inafanana na yangu, amenipa orodha anayoitumia: faili ya maandishi yenye kiungo kimoja kila mstari, ambayo wget (programu ya kupakua mafaili kwa amri) huisoma usiku, kisha mafaili huhamishiwa kwenye diski ya nje na kusakinishwa bila intaneti. Tatizo ni kwamba kompyuta zake zote ni za Kiingereza.

Mistari ya orodha hiyo huishia hivi, nikiacha anwani ndefu iliyotangulia:

kb2687455-fullfile-x86-en-us.exe
ndp48-x86-x64-allos-enu.exe
windows6.1-kb4474419-v3-x64_b5614c….msu

Katika nakala ya orodha nimeamuru sed (amri ya kubadilisha maneno ndani ya faili) ibadilishe "enu" kuwa "fra" na "en-us" kuwa "fr-fr". Baadhi ya viungo vinajibu 404 (yaani faili halipo), vingine vinapakua faili ambalo linakataa kusakinishwa, na mistari mingi haikuguswa kabisa kwa sababu haina alama yoyote ya lugha. Je, hiyo isiyo na alama ni ya Kiingereza pia, au inafaa kwa lugha zote? Na je, kuna njia ya kuigeuza orodha nzima bila kutafuta faili moja moja?

FundiWaSeva alijibu:

Mwalimu, njia ya kugeuza orodha nzima kwa amri moja haipo, lakini habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya orodha hiyo haihitaji kuguswa.

Hadi zama za Windows XP, sasisho lilitolewa faili moja kwa kila lugha, na ndiyo sababu orodha za zamani zimejaa ENU, FRA, DEU na kadhalika. Kuanzia Vista, Microsoft ilitenganisha kiini cha mfumo na matini ya lugha, kwa hiyo mafaili ya .msu ya Windows 7 na Windows 10 ni yale yale kwa Mfaransa na kwa Mwingereza. Hata Service Pack 1 (mkusanyiko mkubwa wa masasisho) ya Windows 7, yaani KB976932 (KB na tarakimu zake ni namba ya Microsoft ya kutambulisha sasisho), ni moja kwa lugha zote. Kwa upande wa Office 2010, angalia mwisho wa jina: "glb" maana yake ni faili la lugha zote, na mengi ya masasisho yake ya kila mwezi yalikuwa ya namna hiyo. Mistari hii iache ilivyo.

Yanayobaki ni mafaili yenye lugha ndani ya jina, kama Service Pack 2 ya Office 2010 uliyoiweka katika mstari wa kwanza. Hapa sed haiwezi kukusaidia, kwa sababu lugha haibadilishi jina la faili tu. Kwenye download.microsoft.com, faili la Kifaransa huweza kuwa katika njia tofauti kabisa, yenye herufi na tarakimu zake. Kwenye seva za Windows Update, kile kifungu kirefu kinachofuata alama ya mstari wa chini (_) katika jina, chenye alama 40, ni hashi ya SHA-1 ya faili lenyewe, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Faili la Kifaransa lina hashi yake, na hakuna mtu awezaye kuikisia. Ingia katika catalog.update.microsoft.com, andika namba ya KB, chagua faili la lugha yako, kisha nakili kiungo chote kama kilivyo.

Hashi hiyo itumie pia kwa faida yako. Baada ya kupakua, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA1, na ulinganishe jibu na zile alama 40. Kwa mtandao unaokatika, hiki ndicho kipimo ninachokiamini. Ukubwa wa faili peke yake hauthibitishi kitu.

Nyongeza ndogo kuhusu 404: Agosti 2020 Microsoft iliondoa katika kituo chake cha upakuaji mafaili ya Windows yaliyotiwa saini kwa SHA-1. Kabla hujailaumu lugha, jaribu kiungo cha Kiingereza. Huenda nacho kimekufa. Amri ya wget --spider -i ikifuatiwa na jina la orodha itakuonyesha viungo vilivyo hai bila kula bando lako.

Mpangilio_Safi alijibu:

Ninakubaliana na FundiWaSeva, ila mstari wa pili wa orodha yako unastahili tahadhari ya pekee, na nadhani ndiko linakotoka lile faili linalokataa kusakinishwa.

Faili la ndp48-x86-x64-allos-enu.exe ndilo .NET Framework 4.8 kamili (programu ya msingi ambayo programu nyingine huitegemea), nalo husakinishwa katika Windows ya lugha yoyote. Lile linaloishia na fra si toleo la Kifaransa la kitu hicho hicho. Ni kifurushi cha lugha tu, ambacho hutafuta .NET 4.8 katika kompyuta na kugoma kisipoikuta. Kwa hiyo sed yako imeondoa msingi ikaacha paa. Orodha ya Kifaransa inatakiwa kuwa na mistari yote miwili, enu ikitangulia.

Mafaili yasiyo na lugha yaweke katika folda moja, na yale ya lugha katika folda za enu na fra. Mkibadilishana diski na mwenzako wa Kigoma, ile folda ya kwanza, ambayo ndiyo kubwa, itawafaa nyote wawili.

MaabaraKivu alijibu:

Ninawashukuru sana. Nimeurudisha mstari wa enu na .NET imekubali, kisha kifurushi cha Kifaransa kikafuata. Swali la mwisho: kompyuta chache zina Windows 7 ya Kiingereza iliyowekewa sura ya Kiswahili. Je, hizo nazo zinahitaji orodha yake?

FundiWaSeva alijibu:

Hapana. Kifurushi cha Kiswahili cha Windows 7 hutandikwa juu ya lugha ya msingi, na hapo msingi ni Kiingereza, hivyo zihesabu pamoja na kompyuta za enu. Ukiwa na shaka kuhusu kompyuta yoyote, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika dism /online /get-intl, kisha usome lugha ya mfumo inayotajwa.

Kwa hizo za Windows 7, hakikisha KB4490628 na KB4474419, zinazoiwezesha Windows 7 kutambua saini mpya za SHA-2, zinatangulia kwa mpangilio huo, la sivyo masasisho yaliyotolewa baada ya katikati ya mwaka 2019 yatakataliwa, iwe kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Msaada wa kawaida wa Windows 7 ulikoma Januari 2020, kwa hiyo mimi ningezitoa kabisa kwenye intaneti na kuziachia kazi za kuchapa tu. Kwa zile za Windows 10, ukiongeza kifurushi cha lugha baada ya kusasisha, sakinisha tena sasisho la jumla la mwezi huo. Faili ni lile lile ulilo nalo kwenye diski.